Taharizi, Kipande cha Ubavuni

Mtu akisifia kanzu husifia shingo. Huko ndiko kwenye darizi, ndiko fundi anakojionyesha, na ndiko macho ya watu harusini yanakotua kwanza. Mimi nina tabia nyingine, ambayo huenda si ya adabu sana: humtazama mvaaji ubavuni. Humtazama anapopanda daladala, anapoinua mkono kushika bomba, anapochutama kufunga kamba za viatu, anapokaa mkekani kwenye hitima na kukunja miguu. Kanzu mbaya hupendeza mtu akisimama. Akianza kutembea tu, inamwumbua. Inamvuta mabegani, inambana magotini, na kila akinyanyua mkono inapanda hadi vifundo vya miguu vikaonekana. Kanzu nzuri mwenyewe huisahau kama kaivaa.

Mara nyingi siri ya kanzu hiyo ya pili haiko shingoni hata kidogo. Iko katika kipande kirefu cha nguo, chembamba juu na kipana chini, kilichotiwa baina ya badani ya mbele na badani ya nyuma, kuanzia chini ya kwapa hadi kwenye pindo. Kipande hicho kinaitwa taharizi. Kikitiwa sawasawa hakionekani, na kisipotiwa, au kikitiwa ovyo, mvaaji hubaki kulalamika kwamba fundi kamkosea vipimo. Hakumkosea vipimo. Kamnyima hatua.

Neno lenyewe limeanza kuchakaa. Wazee wa Pwani wanalo, mafundi wa zamani wanalo, na Frederick Johnson alilihifadhi katika kamusi yake ya mwaka 1939. Lakini kijana anayevaa kanzu kila Ijumaa hana haja nalo, kwa kuwa kanzu yake kainunua ikiwa imekunjwa kwenye mfuko wa plastiki. Hata mashine ninayoandikia hainiamini: kila nikiandika taharizi inanigeuzia tahariri. Msomaji akikuta neno hilo la pili mahali humu, ajue si langu.

Kwa nini kipande hiki kiwepo? Mfumaji wa mkono hawezi kufuma kitambaa kipana kuliko mikono yake inavyofika, maana uzi wa mshindio lazima urushwe na mkono mmoja na kudakwa na mwingine. Kwa karne nyingi, basi, nguo ilitoka kwenye kitanda cha mfumaji ikiwa nyembamba na ndefu, na fundi akalazimika kuufikiria mwili wa mtu kwa vipande vya aina hiyo. Mwaka 1973 Dorothy Burnham, wa jumba la makumbusho la Royal Ontario mjini Toronto, alitoa kitabu chembamba kiitwacho Cut My Cote ambacho kinalionyesha jambo hili kwa michoro. Ukitaka kujua kwa nini vazi la watu fulani limekatwa lilivyokatwa, anasema, utazame kwanza upana wa kitambaa walichokuwa nacho. Mashati ya zamani ya Ulaya na majoho ya Asia humo yanafumuliwa na kutandazwa, na kinachobaki ukurasani ni mistatili, miraba na pembe tatu. Karibu hakuna mviringo ila wa shingo.

Kanzu ni ya ukoo huo. Chukua kitambaa chembamba, kikunje begani, toboa shingo, shona mbavu: umepata mfuko wenye tundu la kichwa. Mtu anaweza kusimama ndani yake, lakini hawezi kuruka mtaro. Ukiufanya mfuko wote uwe mpana ili miguu ipate nafasi, mabega nayo yanapanuka na vazi linamning'inia mtu asiye na hatia. Nafasi inatakiwa chini tu. Mwenye kulifumbua fumbo hilo kwa mara ya kwanza hakuandikwa popote, naye ni mmoja wa watu ambao ningependa kuwapa mkono.

Nimewahi kukaa barazani kwa fundi mmoja wa Unguja, mzee ambaye bado hukata kwa mtindo wa zamani kwa wateja wake wachache wanaoutaka. Alikuwa na bafta nyeupe. Hakuanza na mkasi. Alitoboa ukingo kidogo kwa ncha, akaishika nguo kwa mikono miwili na kuichana kwa mkupuo mmoja, ikalia hadi mtu wa duka la jirani akageuka. Mchano hufuata uzi, mkasi hufuata mkono wa mtu, na mkono wa mtu hupinda. Kwa michano miwili mitatu akawa na badani zake na mistatili miwili mirefu iliyobaki pembeni, ambayo asiyejua angedhani ni mabaki.

Akautandika mstatili wa kwanza juu ya ubao. Upana wake ulikuwa inchi 10. Juu akaweka alama ya chaki inchi 2 kutoka kona ya kushoto. Chini akaweka nyingine inchi 2 kutoka kona ya kulia. Akaunganisha alama hizo kwa mstari mmoja mrefu wa mshazari, kisha mkasi. Vikatoka vipande viwili vilivyo sawa kabisa, kila kimoja inchi 2 upande mmoja na inchi 8 upande wa pili, na sakafuni hakikuanguka hata kijipande. Taharizi nne kwa kanzu nzima, mbili kila ubavu, na kwenye pindo zinaongeza inchi 32 za kutembelea huku kifuani zimeongeza robo ya hizo tu.

Mwanagenzi wake, kijana wa miaka kama kumi na sita, akaushika mstatili wa pili, akaanza kuweka alama zilezile. Mzee akamgusa kiwiko.

"Huu ukate kinyume, mwanangu."

"Si sawasawa tu, Babu? Nguo nyeupe huku na huku."

"Kwa bafta sawasawa. Siku nikikupa nguo yenye uso na mgongo, utakuja kunililia."

Ilinichukua muda kuelewa walichokuwa wakisema. Mstatili mmoja ukikatwa mshazari hutoa vipande viwili vyenye mkono mmoja, mithili ya viatu viwili vya kushoto. Kitambaa kisicho na uso unakipindua, mambo yakaisha. Lakini kitambaa kinachong'aa upande mmoja, au chenye mchoro, hakipinduliki, na fundi aliyekata mistatili yote miwili kwa mlalo mmoja atajikuta na taharizi nne zinazofaa kanzu mbili ambazo kila moja ina nusu ya kila ubavu. Anayekata wa kwanza hivi na wa pili vile hupata jozi mbili kamili. Hesabu hii mzee hakuiandika mahali popote. Ilikuwa kwenye kiwiko cha kijana.

Halafu kuna suala la ukingo upi uende wapi. Kila taharizi ina ukingo mmoja ulionyooka na mtande wa nguo, na mwingine uliokatwa hanamu. Ukingo wa hanamu hauna msimamo. Ukiuvuta unanyumbuka, ukiuachia haurudi wote. Fundi asiyejua atazishona hanamu mbili pamoja ubavuni, na baada ya kufuliwa mara chache mshono huo utaanza kulegea na kushuka hadi pindo liwe na masikio mawili. Anayejua huishona hanamu kwenye ukingo ulionyooka wa badani, ili ulionyooka umshike mwenzake, kisha kingo mbili zilizonyooka za taharizi hukutana katikati ya ubavu, mahali penye mfuko. Hata hivyo kanzu haikatwi pindo siku hiyo. Hutundikwa usiku kucha ili hanamu ishuke itakavyo kushuka, na asubuhi ndipo chini husawazishwa. Wateja wanaolalamika kwamba fundi kawaambia waje kesho (na najua fundi husema kesho kwa sababu nyingi, hasa likikaribia kumi la mwisho la Ramadhani) wajue kwamba ipo kesho moja ya haki.

Sasa neno. Waarabu walikuwa nalo kwa sura mbili: dikhris na takhris, wingi wake takharis. Ibn Manzur, aliyekamilisha kamusi yake kubwa Lisan al-Arab mwaka 1290, analieleza kuwa asili yake ni Kiajemi na kwamba Waarabu wenyewe walikuwa na neno lao, baniqa. Kwa Waajemi neno ni tiriz, na kamusi zao hulipa maana mbili: kipande kinachotiwa ubavuni mwa vazi, na bawa la ndege. Maana ipi ilitangulia, hiyo tuwaachie wanaisimu wagombane. Fundi atakwambia tu uitandaze kanzu chini, uinyooshe mikono yake, uzifungue taharizi zake, utazame mwenyewe.

Kutoka takharis hadi taharizi safari ni fupi. Midomo yetu iliishughulikia kha ya neno hili kama ilivyoishughulikia ya khabari na ya khatari, na mwisho wa neno ukapewa irabu ili mtu apate pa kupumulia. Ninachokipenda ni kwamba tulichukua sura ya wingi. Naona mafundi waliolileta neno hili hawakuwahi kulisikia katika umoja, kwa sababu hakuna aliyewahi kuagiza taharizi moja.

Watu hulichanganya neno hili na darizi, na wengine na tarizi, na kwa masikio tu si kosa kubwa. Darizi ni nakshi ya sindano, ile ya shingoni na kifuani. Tarizi ilikuwa kazi nyingine kabisa: kufuma kwa mkono ukingo mwembamba wa hariri kwenye vilemba na vikoi vya thamani, kazi ambayo Unguja ya karne ya 19 ilikuwa na watu wake. Neno hilo ni dada wa tiraz, mikanda ya maandishi iliyofumwa kwenye majoho ya makhalifa, ambayo Ibn Khaldun aliitengea sehemu yake katika Muqaddima kwa sababu mtawala alikuwa akijitangaza kwa nguo kama anavyojitangaza kwa sarafu. Darizi na tarizi zote mbili ni za kuonwa. Taharizi haina bahati hiyo, na ndiyo maana nimeamua kuitetea.

Kanzu ya zamani, ukiisoma kwa majina ya vipande vyake, ni historia ya Pwani iliyovunjwavunjwa. Badani ni mwili, kwa Kiarabu. Sijafu, kile kitambaa kinachokunjwa ndani ya ncha ya mkono ili usichakae, ni Kiarabu pia. Bitana ya joho inatokana na neno la Kiarabu la tumbo, kwa kuwa ndiyo inayolala upande wa ndani. Kisha, katikati ya mabaharia wote hao, chini ya mkono, pamekaa mwenyeji: kikwapa. Hiki ni kipande kidogo cha mraba kinachotiwa kimshazari pale mkono unapokutana na ubavu, juu ya ncha ya taharizi, ili mtu akiinua mkono kanzu yote isiinuke naye. Bila kikwapa, takbira ya kwanza tu ingepasua mshono. Masikini, neno lenyewe lina balaa: mtu akisema fulani ana kikwapa, hakuna anayefikiria ushonaji.

Majina ya vipande mengi yalivuka bahari, lakini vitendo vikubwa vilibaki vyetu. Tunapima, tunakata, tunashona, tunapinda, tunafumua. Waganda kwa kushona husema okutunga, na sisi kitenzi hicho hicho tumekiachia shanga na mashairi, jambo ambalo washairi wetu wangefaa kulitafakari kabla ya kuwadharau mafundi. Kufumua nako si jambo dogo. Nimeona mafundi hodari wa kushona, wa kufumua wakawa hawafai: wanavuta uzi kwa hasira, nguo inabaki na matundu. Fundi wangu wa Unguja alifumua kwa wembe mkuukuu, uzi mmoja kila baada ya mishono minne, kisha akageuza nguo na kuuvuta uzi wa nyuma ukatoka wote mzima. Akauzungusha kidoleni na kuuweka mfukoni. Uzi bado mzima, alisema, wa kupigia bandi.

Na nguo zenyewe? Duka la zamani la vitambaa lilikuwa darasa la jiografia. Bafta, pamba nyeupe laini, ilikuja na jina la Kiajemi lenye maana ya kilichofumwa. Melimeli na doria zilitoka Bara Hindi, ya kwanza nyepesi hadi unaona mkono ukiutia ndani, ya pili yenye mistari. Merikani, pamba nzito isiyopaushwa, ilipewa jina la nchi iliyoileta. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliijaza Unguja hasa baada ya mkataba wa 1833 baina ya Seyyid Said na serikali yao, hadi vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokatiza shehena na Waingereza na Wahindi wakaingia nafasi hiyo. Nayo hudhurungi, ambayo leo mtoto wa shule anaijua kuwa rangi tu, ilikuwa kitambaa cha kanzu kutoka Omani, chenye rangi ya udongo iliyotoka na pamba yenyewe shambani bila kupitia kwa mtia rangi. Kwa Kiajemi khudrang ni yenye rangi yake yenyewe. Tulisahau kitambaa tukabaki na rangi.

Ushonaji katika pwani hii ni mkongwe kuliko merikani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zikifumwa pale na kupelekwa hadi Misri, na siku chache baadaye akaletewa mavazi ya heshima: futa ya hariri ya kufunga kiunoni, vazi la ndani la kitambaa cha Misri, joho la kitambaa cha Quds lenye bitana, na kilemba. Aliyemvisha mgeni hivyo huenda alikuwa na mafundi wake, waliojua kutia bitana. Kule Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigurudumu vya udongo vya kusokotea uzi. Mtu huwa hasokoti uzi mwingi hivyo kwa kufungia mizigo tu.

Lakini kanzu haikuwa ya kila mtu, na hapa sifa zangu lazima zipungue kidogo. Katika Unguja ya karne ya 19 kanzu na kofia vilikuwa alama ya uungwana. Mtumwa alijifunga kipande cha merikani au kaniki kiunoni, kichwa wazi, miguu pekupeku. Nguo ya kujifunga haina taharizi, haina kikwapa, haina fundi. Utumwa ulipopoteza nguvu ya sheria huko mwaka 1897, watu walioachwa huru walikwenda kwa mafundi. Wanaume wakashonesha kanzu, wakavaa kofia, wakapita barabarani mchana. Kwa mtu ambaye jana alikuwa akijifunga shuka la kupewa, nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mwili wake yeye ilikuwa na uzito ambao sisi tunaonunua za kukunjwa hatuwezi kuuhisi. Fundi alimpima. Alimuuliza anataka iwe ndefu kiasi gani.

Hadi Buganda kanzu ilifika kwa njia ya misafara ya Waarabu na Waswahili, katikati ya karne ya 19, na huko ikapata uraia. Leo Mganda, awe Mwislamu au Mkristo, huivaa na koti juu yake siku ya kwanjula, ile sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, na shingoni ina nakshi ya rangi ya damu ya mzee inayoitwa omuleela. Waomani nao wana ya kwao, dishdasha, yenye kishada kidogo shingoni cha kuchovya manukato. Kila mahali shingo imepewa mapambo yake na jina lake. Ubavu umebaki ubavu.

Kuna siku ambazo mshono hautakiwi. Mwanamume anayehirimia Hija huvua kila kilichoshonwa kufuata umbo la mwili, akajitanda vipande viwili vya nguo, na sanda yake kesho ni nguo tatu zisizo na mshono. Huwa nawaza jinsi kanuni hiyo inavyomkumbusha mtu kazi ya fundi kwa kumnyima. Waulize waliokwenda: siku za kwanza za ihramu wengi hutembea kwa hofu, mkono mmoja umeshika nguo, hatua fupi fupi.

Cherehani ilipokuja, watu walidhani ufundi umepata bwana mpya. Jina lake nalo ni la Kiajemi, kutoka charkh, gurudumu, lile lile lililotupa cherehe ya kunolea visu. Na kwa kweli gurudumu ndicho kitu ambacho mtu alikiona kwanza, likizunguka barazani kwa mguu wa fundi. Lilifupisha kazi ya kushona kwa namna ya kustaajabisha. Lakini halikugusa kukata. Mashine hushona kosa kwa haraka ileile inayoshonea usahihi, na taharizi iliyokatwa mlalo mmoja haikuokolewa na Singer yoyote.

Kilichoiondoa taharizi ni upana. Vitambaa vya viwandani vilipofika inchi 60, fundi aliweza kuikata badani nzima ikiwa imepanuka chini, mbavu zake zikiwa tayari na mshazari, mishono miwili badala ya sita. Sitamlaumu. Aliyekuwa na kitambaa chembamba alitia taharizi kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, na si haki kumtaka mwenye kitambaa kipana ajifanye hana. Hata hivyo njia mpya ina gharama yake, ukitazama sakafuni: pembe ndefu za nguo zilizobaki baina ya badani na badani, hazitoshi hata mfuko, zinasubiri kufagiwa. Tena kingo zote za ubavu sasa ni hanamu kwa hanamu, lile jambo ambalo mzee wangu asingelikubali. Ndiyo sababu kanzu nyingi za dukani hupendeza kwenye kibanio, na baada ya mwaka mmoja pindo lake linaanza kuchungulia kushoto na kulia. Ovaloki haizuii hilo.

Ningesema kipande hiki kimekufa kama nisingepita Kariakoo. Wanawake wamekifufua. Yale magauni ya kitenge yanayobana hadi magotini kisha yakachanua chini mara nyingi hushonwa kwa vipande vya pembe tatu vilivyochomekwa baina ya pande, vyembamba juu, vipana chini. Kazi ni ile ile, ila imeshuka kutoka ubavuni hadi gotini na kuwa ya kujionyesha. Na vitenge vingi vina uso na mgongo, tena vina mchoro unaopanda na kushuka, hivyo kila kosa la mlalo linaonekana toka mbali. Fundi niliyemkuta akiyakata, mwanamke ambaye sidhani kama amefika thelathini, alikuwa na vipande vyake sita vimepangwa mezani, vitatu vikitazama huku na vitatu kule, na pini kwenye kila ukingo wa hanamu ili usinyumbuke kabla haujafika mashineni.

Nilimwuliza vinaitwaje. Akasema vipande. Nikamwambia jina, akalirudia mara mbili, akaniuliza kama ni la Kizanzibari, kisha akaendelea na kazi. Nilipomwuliza bei ya gauni la namna ile alinitajia kiasi kinachozidi sana cha gauni la kawaida, na kabla sijasema neno akainua kipande kimoja, akakivuta kidogo kwenye ukingo wa mshazari nikaona kinavyolegea mkononi mwake. "Kaka," akasema, "hiki ndicho unachokilipia."